Kafara haikuwa damu ya mtoto wa mtu

Ndugu Mhariri,

Salamu toka Kigoma mwisho wa reli. Najua barua ndefu huwa mnazikata, hii naomba mkate kidogo tu maana nimetembea nayo kichwani wiki mbili nzima huku nafungua na kufunga injini za watu.

Yenyewe inahusu kile kichwa cha habari chenu cha ukurasa wa mbele, wino mwekundu, kwamba mfanyabiashara fulani "amtoa mwanawe kafara". Gazeti nililinunua kwa ajili ya hicho hicho kichwa, sikatai, mmetupa ndoano nami nikameza. Nikasoma mpaka mwisho nikarudia tena. Sijaona polisi humo ndani, sijaona daktari, sijaona hata mjumbe wa nyumba kumi, nimeona "majirani wanadai" mara nne na picha ya ghorofa. Basi. Mtoto kafa, baba ana ghorofa, kwa hiyo kafara. Nikalikunja nikasema mbele ya vijana wa pale mwaloni, wallahi sinunui tena gazeti hili. Hiyo wallahi tutairudia huko chini maana imeniingiza gharama.

Mi si shehe wala si msomi. Ni fundi wa injini za boti hapa mwalo wa Kibirizi, nauza na spea kidogo. Nimezaliwa Ujiji nikasoma chuo cha Qur'ani hapo hapo, na mjomba wangu upande wa mama ni katekista huko Kasulu, kwa hiyo nimekulia nyumba ambayo Idi kuna pilau na Krismasi kuna pilau na mabishano ya dini ni kila siku, ila hakuna aliyewahi kususa sahani. Hilo neno kafara nimelisikia pande zote mbili kabla sijaota ndevu, ndo maana nalionea uchungu kama mtu anavyoonea uchungu jembe la babu yake likitumika kuvunjia kokoto.

Mara ya kwanza kulisikia kwa akili nilikuwa na miaka kama tisa, na lilikuja ndani ya kisa cha kuchekesha. Maalimu wetu alikuwa mkali, fimbo ya mpera haimtoki mkononi, lakini kisa hiki alikuwa anaanza kucheka mwenyewe kabla hajafika mwisho. Bwana mmoja kaja kwa Mtume anahema, anasema nimeangamia. Umefanya nini? Nimemwingilia mke wangu mchana wa Ramadhani. (Sisi tunaangaliana, maalimu anajifanya hajaona.) Akaulizwa, unaye mtumwa umwache huru? Sina. Unaweza kufunga miezi miwili mfululizo? Siwezi. Unaweza kulisha maskini sitini? Sina cha kuwalisha. Haya kaa hapo. Akakaa. Mara likaletwa kapu la tende, Mtume akamwambia chukua hizi kazitoe sadaka. Yule bwana akasema nimpe nani sasa, aliye maskini kuliko mimi? Wallahi Madina nzima upande huu mpaka ule hakuna nyumba maskini kuliko yangu. Mtume akacheka mpaka meno ya pembeni yakaonekana, akamwambia nenda kawalishe watu wa nyumbani kwako.

Hiyo ndo kafara niliyofundishwa mimi. Mkosaji anakuja kwa miguu yake kutaja kosa lake, anatafutiwa njia ya kulipa kwa mali yake mwenyewe au njaa yake mwenyewe, na hata akishindwa kabisa mambo yanaishia kwenye kapu la tende na watoto wa nyumba ile wakalala wameshiba. Angalieni hapo watoto wako upande gani wa kapu.

Na zingine zote ziko hivo hivo. Umeapa ukavunja kiapo, Qur'ani Sura ya Tano aya ya 89, unalisha maskini kumi chakula cha wastani unachowalisha watu wako, au unawavisha, au unamwacha huru mtumwa, ukikosa vyote unafunga siku tatu. Wastani, yaani hata ugali wa chenga ulioshindikana kuliwa nyumbani huruhusiwi kuusukumia maskini. Afu aya ya 45 ya sura hiyo hiyo inazungumzia kisasi, jicho kwa jicho na jino kwa jino, halafu inasema atakayesamehe haki yake basi hiyo ni kafara kwake. Yaani kuacha kumwaga damu ndo kafara. Mi nilipoisoma hiyo ukubwani nilirudi nyuma kidogo nikakaa kwenye ndoo.

Sasa neno lenyewe. Ni la Kiarabu, shina lake herufi tatu, k na f na r, na maana yake ya asili kabisa ni kufunika. Ndo maana kwenye Suratul Hadid aya ya 20 wakulima wameitwa kwa neno la shina hilo hilo, kwa sababu mkulima anafunika mbegu kwa udongo. Mkulima wa maharage kule Buhigwe anayefukia mbegu kwa kisigino anafanya tendo ambalo neno kafara limezaliwa nalo, na mwenyewe hana habari. Toka hapo kafara ikawa kitu kinachofunika kosa lisionekane tena. Na toka hapo hapo likaja neno kafiri, yule anayefunika ukweli au anayefunika neema asishukuru, na kufuru ambayo sisi tunaisema hata mtu akimwaga chakula. Ndugu wa tumbo moja hawa ila kila mmoja kashika njia yake. Huyo kafiri ndo kapata mkosi zaidi, wazungu wa Afrika Kusini walimchukua wakamfanya tusi la kumtukania mtu mweusi yeyote hata kama mtu mwenyewe ni Muislamu anayeswali tano, na mpaka leo kule ni neno la kukupeleka pabaya, mwaka 2018 mahakama ilimhukumu mama mmoja kwenda jela kwa kuwarushia askari neno hilo. Neno la mkulima na mbegu zake, liangalieni lilikofikia.

Mjomba yeye huwa hakubali Waislamu tubaki na kafara peke yetu. Anasema Kiebrania ni ndugu wa Kiarabu na shina hilo wanalo, ila wao ile f ni p, ndo maana sikukuu yao kubwa ya kufunga inaitwa Yom Kippur, ambayo Biblia yetu ya Kiswahili inaita Siku ya Upatanisho. Na Nuhu alivyoambiwa aipake safina lami ndani na nje, kwa Kiebrania ni herufi hizo hizo. Wasomi wao wanabishana mpaka leo kama kwa Waebrania maana ya kwanza ilikuwa kufunika au kufuta, mjomba yuko upande wa kufunika kwa sababu ya ile lami, na mi kama mtu wa boti naona ana hoja. Lami haifuti kitu, lami inaziba maji yasiingie. Wanaozibia mitumbwi hapa kwa pamba na lami nikawahadithia, mmoja akaniuliza kwa hiyo na sisi tunatoa kafara? Nikamwambia wewe ziba, safari hii usiache tundu.

Halafu kuna mbuzi. Hapa nyie watu wa magazeti mmejaa. Waziri kaondolewa, "mbuzi wa kafara". Kocha kafukuzwa, "mbuzi wa kafara". Sawa, ni msemo umeshakuwa wa Kiswahili siugombani nao, ila someni Biblia, Walawi 16. Kuna mbuzi wawili pale. Wanapigiwa kura. Mmoja wa Bwana, huyo anachinjwa. Wa pili ni wa Azazeli, Haruni anamwekea mikono miwili kichwani anaungama maovu yote ya watu, afu anakabidhiwa mtu wa kumpeleka jangwani, na anaachwa huko yuko hai. Mapokeo ya baadaye ya Wayahudi yanasema alikuwa anasukumwa jabalini, lakini kwenye Walawi anaachwa aende zake. Hata jina lake la Kiingereza alilitunga William Tyndale alipotafsiri vitabu vya Musa mwaka 1530 na maana yake ni mbuzi anayeponyoka. Kwa hiyo yule anayebebeshwa dhambi za wengine kwenye kisa ndo yule anayeondoka na roho yake. Nyie mmechukua mzigo wa huyu wa pili mkamtwika na kisu cha yule wa kwanza, mbuzi wenu anapata hasara zote mbili.

Kafara kwa Kiswahili cha huku imefikaje, hilo halina ugumu. Ilikuja na misafara toka pwani kupitia Tabora, watu wa Ujiji walikuwa wanaswali miaka mingi kabla Mapadri Weupe hawajafika hapa mwaka 1879. Na ikikaa mahali inachanganyika na waliyoikuta, hilo pia si ajabu. Mombasa siku ya mwaka mpya wa Waswahili walikuwa wanazungusha ng'ombe mji halafu anachinjwa nyama inaliwa. Bibi yangu hapo Ujiji alikuwa akiota ndoto mbaya, hasa akiota jino linang'oka, asubuhi anachemsha uji wa mchele na nazi ya kununua (nazi ya huku ni ya mbali ujue, bei yake si mchezo) anaita watoto wa mtaa mzima hata wale wezi wa maembe yake, tunakunywa tumechuchumaa uani, yeye anasimama mlangoni na kanga begani anasema kunyweni kunyweni hiyo kafara. Shehe angeweza kumkosoa, kwamba kuota ndoto sio kosa mpaka ulipie. Lakini uji ulikuwa wetu. Aliyetoa ni yeye, kwa senti zake za kuuza mafuta ya mawese.

Kugeuka kumetokea miaka hii hii, nimekuona kwa macho yangu. Zamani ukisema fulani katoa kafara watu wanauliza kachinja nini, wameenda kula wangapi. Siku hizi ukisema hivo watu wanauliza kamtoa nani. Limeshakuwa neno la mtu. Filamu za kibongo zimechangia, zile za tajiri ana chumba kimefungwa na joka ndani, na stori za Frimasoni zikaingia zikakaa vizuri, dereva akigonga wanasema barabara ilitaka kafara, mtumbwi ukizama ziwa limechukua kafara yake, wakati mi fundi naangalia ule mtumbwi naona abiria arobaini na injini moja na hakuna jaketi hata moja. Neno linamfunikia mwenye mtumbwi. Linafunika kweli, asili yake ndo hiyo!

Na kuna mahali lilifunika vibaya zaidi, na hapa siwezi kuandika kwa utani. Mnakumbuka ile miaka ya 2007, 2008 na kuendelea, wenzetu wenye ualbino walivyokuwa wanakatwa mapanga Kanda ya Ziwa na mikoa ya huku. Watoto wakahamishwa wakati wazazi wao wako hai, wakaja kuwekwa shule ya Kabanga pale Kasulu wakalelewa nyuma ya uzio, sio kwamba wamekosa, wanafichwa wasiuawe. Mjomba alikuwa anapita pale. Anasema kilichomtoa machozi ni kofia, kila mtoto ana kofia pana ya jua, na kuna kamoja kalimwuliza eti huko nje bado wanatafuta kafara? Mtoto mdogo. Neno hilo kalipata wapi kama sio kwa wakubwa, kwa redio na kwenu? Waliofanya yale walikuwa wauaji walioahidiwa hela, na Kanuni ya Adhabu ina neno moja tu kwa jambo hilo, mauaji. Hakuna kifungu cha kafara. Ukiliandika kafara umempa muuaji kanzu.

Sasa naomba niseme la kwangu, maana mtasema huyu fundi kinachomuwasha nini.

Mwaka 2024 ziwa lilifungwa miezi mitatu, toka Mei 15 mpaka Agosti 15, samaki wazaliane. Miezi ya njaa hiyo kwa mwalo mzima, injini haziendi nani ataleta injini kutengeneza. Lilipofunguliwa dagaa wakawa wengi, kila mtu anataka kuingia giza, yaani kuvua usiku usio na mwezi, kazi zikarudi. Mwezi huo huo mkopo wa kikundi ambao nilikuwa nimeuomba miezi saba nyuma ukatoka, nikanunua boti aina ya kipe na injini iliyotumika. Na mwezi huo huo binti yangu wa miaka sita akashikwa na malaria, ikapanda kichwani. Siku nne. Sitaandika zaidi ya hapo.

Arobaini haijafika mke wangu kaambiwa saluni na mtu anayemsuka, mkono uko kichwani kwake, kwamba watu wanasema mumeo kapata boti kwa bei ya mtoto. Yeye hakuniambia. Mi nikajua kwa njia yangu. Kuna mama anakaanga chapati pale juu ya mwalo, nimekula kwake miaka, asubuhi moja nikampa noti ya elfu mbili kama kawaida. Hakuipokea. Akasema weka hapo kwenye sinia. Nikaweka. Akachukua koleo la mkaa, ile ya kushikia makaa, akaibana noti yangu akaitia kwenye kopo. Chenji akanisukumia na lile koleo. Chapati nilienda nazo mpaka kwenye kibanda nikawapa kuku.

Na huku Kigoma mnajua tulivyo na jina la uchawi tayari. Ukisema umetoka Kigoma mtu wa Dar anakuuliza radi bei gani, tunacheka nao, ila utani huo ukitua kwenye msiba una makali. Nilikuwa na karatasi za mkopo zina tarehe ya kuombea, nikawa natembea nazo mfukoni kama kitambulisho. Nani utamwonyesha? Hakuna anayekuuliza usoni.

Kwa hiyo niliposoma ile habari yenu nilimwona yule baba. Simjui, labda ni mtu mbaya, labda kuna jambo polisi watalikuta, sijui. Ila kama hamna zaidi ya majirani wanadai basi mmefanya kile kilichofanywa na yule msusi, tofauti yenu na yeye ni mashine ya kuchapia. Na wanasheria wenu wawakumbushe Sheria ya Uchawi, ile ya tangu 1928 ambayo bado ipo, haimshiki mganga peke yake, inamshika na anayemtaja mwenzake kwamba ni mchawi.

Tukirudi kwenye wallahi. Jumanne ya juzi nikasema ngoja niangalie kama wamesahihisha, nikatoa hela nikanunua, nikafungua kurasa zote kumi na sita hakuna hata mstari, ila ukurasa wa michezo kuna kocha katolewa kafara. Nikacheka peke yangu. Halafu nikakumbuka nimeapa. Nikaenda kwa shehe wa mtaani nikamweleza, naye akacheka, akasema kiapo umekivunja na kafara yake unaijua, maskini kumi. Nikamwambia nitapika wali na migebuka niwaite. Akanisahihisha, kwa madhehebu yetu unamtia mtu nafaka mkononi, kibaba kimoja kimoja, kama robo tatu ya kilo hivi, kupika ni hiyari yako juu ya hapo, na wawe kumi kweli, usimpe mmoja mara mbili ukahesabu wawili.

Nikanunua kilo nane za mchele wa kawaida, ule tunaokula nyumbani. Mke wangu ndo kapima kwa kibaba, kila fungu kwenye mfuko wake. Nimezunguka siku mbili baada ya kazi. Wa tisa alikuwa yule mama wa chapati, mjane yule, ana wanne wanasoma, sifa za kupokea anazo na mi ningekuwa mwongo nikimruka. Nilimkuta anapepea jiko. Nikamwambia mama huu ni mchele, kafara, nilivunja kiapo. Akaniangalia. Akafuta mikono kwenye kanga, akakinga yote miwili. Hakusema kitu, nami sikusema.

Wa kumi bado namtafuta, kila ninayemfikiria naambiwa huyo ana afadhali.

Msomaji wenu (nitakuwa naazima kwa jirani),
Fundi injini, Kibirizi, Kigoma